Lalamiko na Lugha Yake: Mteja wa Umeme na Maji wa Beni na Butembo Mbele ya Mdhibiti

1. Utangulizi

Malalamiko kuhusu bei na huduma za umeme na maji yana umri sawa na huduma zenyewe. Popote ambapo nyumba nyingi hutegemea waya mmoja au bomba moja, mteja hana uhuru alio nao sokoni, ambako akichukizwa na bei ya muuzaji mmoja huhamia kwa jirani yake. Kwa sababu hiyo serikali nyingi zimeunda chombo cha tatu, yaani mdhibiti, ili kisimame kati ya mwenye waya na mwenye nyumba. Nchini Marekani majimbo ya Wisconsin na New York yaliunda tume za namna hiyo mwaka 1907. Katika Afrika Mashariki vyombo hivi vilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakifanyiwa marekebisho na kampuni binafsi zikiruhusiwa kuingia katika biashara ya nishati.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mdhibiti anavyopokea na kuamua malalamiko ya wateja, na kuyapima maelezo hayo kwa hali ya miji ya Beni na Butembo katika Kivu ya Kaskazini, hasa komuni ya Mulekera, ambayo ni mojawapo ya komuni nne za mji wa Beni pamoja na Beu, Bungulu na Ruwenzori. Hoja inayotetewa ni kwamba lalamiko haliwi haki kwa kutajwa tu katika sheria. Huwa haki linapopata njia ya kupitia, muda wa kujibiwa na lugha ya kusemewa. Mashariki ya Kongo njia imekwisha kuwekwa na sheria, na muda umekwisha kuwekwa na katiba. Kilichobaki nyuma ni lugha, na hapo ndipo wataalamu wa Kiswahili wana la kufanya.

2. Kutoka nung'uniko hadi rufaa

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, na maneno hayo hayalingani. La kwanza ni nung'uniko. Anayenung'unika husema chini kwa chini, kwa jirani au kwa nafsi yake, na hamtarajii mtu yeyote amjibu. La pili ni lalamiko, au lalamishi kama wasemavyo wengi nchini Kenya. Lalamiko lina msikilizaji: mtu hulalamika kwa fulani, kuhusu fulani. La tatu ni dai. Anayedai hutaja kitu anachotaka apewe au arudishiwe. La nne ni rufaa, yaani kuupeleka uamuzi uliokwisha kutolewa mbele ya mkubwa zaidi ili uangaliwe upya.

Kwa mtazamo wa mdhibiti, maneno haya manne ni kama ngazi. Nung'uniko halimfikii kabisa. Lalamiko humfikia, lakini hawezi kulifanyia kazi mpaka ligeuzwe dai lenye tarehe, kiasi na ombi. Rufaa nayo haiwezekani pasipo uamuzi ulioandikwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kukata rufaa dhidi ya ukimya. Kazi kubwa ya ofisi za malalamiko, ingawa aghalabu haionekani katika taarifa zao, ni kumsaidia mteja apande kutoka ngazi moja hadi nyingine. Karani anapomwuliza mteja, "Ni lini? Ni kiasi gani? Uliripoti kwa nani? Unataka ufanyiwe nini?", anageuza lalamiko kuwa dai.

3. Kukatika, kukatwa na kukatiwa

Mfano ulio wazi zaidi wa uhusiano kati ya sarufi na haki ya mteja unapatikana katika kitenzi kimoja cha kila siku, kata. Mkazi wa mji akisema "umeme umekatika", ametumia kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtendaji wala haimhitaji. Waya umekatika kama kamba inavyokatika, na asikiaye hataulizia mkosaji. Akisema "umeme umekatwa", kauli ya kutendwa inaashiria kwamba yupo aliyekata, hata kama hakutajwa. Akisema "nimekatiwa umeme", kauli ya kutendewa iliyounganishwa na ya kutendwa inamleta mhusika wa tatu, yule aliyefikwa na tendo hilo, na huyo ndiye anayezungumza.

Tofauti hizi tatu za kisarufi zinakaribiana sana na makundi matatu ambayo wadhibiti huyatumia katika kupanga malalamiko. Kukatika kunahusu uimara wa mtandao, kama vile nguzo kuanguka, transfoma kuungua au mvua kuharibu njia ya umeme. Hapa mdhibiti huangalia ni mara ngapi jambo hilo linatokea na fundi anachukua muda gani kufika. Kukatwa kunahusu mgao wa umeme, ambao katika miji ya Kongo hutajwa kwa neno la Kifaransa délestage. Hapa swali ni kama ratiba ilitangazwa, na kama mitaa yote iligawiwa giza kwa usawa. Kukatiwa kunamhusu mteja mmoja na deni lake, na maswali hubadilika tena: je, deni ni la kweli, je, alipewa taarifa kabla, na je, aliwahi kulipinga deni hilo kabla ya fundi kupanda ngazi?

Mteja anayeandika "umeme umekatika" wakati kwa hakika amekatiwa hujiondolea mwenyewe nusu ya hoja yake. Jambo kama hilo hutokea kati ya kulipa na kulipishwa. "Nimelipa dola 10" ni taarifa tu ya malipo. "Nimelipishwa dola 10" ni mwanzo wa lalamiko, kwa sababu kiambishi cha usababishi kinadokeza kwamba msemaji hakutaka.

4. Bei na ankara

Mbali na aina za kukosa huduma, mdhibiti hutenganisha malalamiko ya bei na malalamiko ya ankara, yaani hati ya madai anayoletewa mteja. Kwa mteja mambo haya mawili ni uchungu mmoja, kwani yote hutoka mfukoni. Kwa mdhibiti hayakaribiani.

Lalamiko la ankara ni la mtu mmoja. Mteja husema kwamba bei inajulikana, lakini amehesabiwa asichotumia. Ushahidi wake ni mita, tarehe za kusomwa kwake, risiti za miezi iliyopita na idadi ya vyombo vilivyomo nyumbani. Mdhibiti anaweza kuagiza mita ipimwe, hesabu irudiwe na fedha zilizozidi zirudishwe. Uamuzi wake unamgusa mteja huyo na mtoa huduma wake peke yao.

Lalamiko la bei ni la wote. Mteja husema kwamba mita ni sahihi na hesabu ni sahihi, lakini kiwango chenyewe kinaumiza. Hapa mdhibiti hawezi kumpunguzia mmoja na kuwaacha wengine, kwani angevunja kanuni ya usawa. Lalamiko kama hilo hujibiwa kwa kufungua hesabu za mtoa huduma: mafuta au maji yanayozungusha mitambo, umeme unaopotea njiani, mikopo, mishahara, kodi na faida. Mji unaotumia mitambo ya dizeli hauwezi kuwa na bei sawa na mji unaotumia maporomoko ya maji, na mdhibiti mwadilifu hulisema jambo hilo waziwazi. Lakini pia humwuliza mwenye mitambo kwa nini mteja alipie umeme uliopotea kwa uzembe.

Kati ya bei na ankara kuna eneo lenye utata, nalo ni malipo ya kiwango kimoja bila mita. Utaratibu huu umeenea nchini Kongo, ambako wateja wengi wa shirika la umeme la taifa, SNEL, hawana mita. Mteja asiye na mita hulipa kiasi kile kile kwa mwezi, umeme uwepo usiwepo. Kwa kuwa hakuna kipimo, hakuna ushahidi, na kwa kuwa hakuna ushahidi, lalamiko la ankara hugeuka kuwa kilio juu ya bei. Mita za kulipia kabla zimeondoa sehemu ya tatizo hilo. Nchini Tanzania mfumo huo hujulikana kwa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Hata hivyo mita hizo zimeleta malalamiko mapya: uniti zinazokwisha upesi, namba za malipo zisizokubaliwa na mita, na makato ambayo mteja hakuyaelewa wakati wa kununua.

5. Uzoefu wa Tanzania

Nchi ambayo utaratibu mzima umezoea kuendeshwa kwa Kiswahili ni Tanzania. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Mbali na makao makuu ina ofisi za kanda katika miji kama Mwanza, Arusha na Mbeya.

Lalamiko hupita hatua zinazofahamika. Kwanza mlalamikaji hutakiwa kulipeleka kwa mtoa huduma mwenyewe, na kupata jibu au kukosa jibu. Asiporidhika hulipeleka kwa EWURA, na mtoa huduma, ambaye sasa huitwa mlalamikiwa, hutakiwa kujieleza. Hatua inayofuata ni usuluhishi: pande mbili huketi na ofisa wa mamlaka na kutafuta mapatano. Usuluhishi ukishindikana shauri husikilizwa na uamuzi hutolewa. Asiyeridhika na uamuzi huo hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, chombo kilichotokana na sheria ya ushindani ya mwaka 2003. Zaidi ya hayo, sheria iliunda baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo, ambalo huwasemea wateja wasioweza kujisemea.

Kwa upande wa bei, sheria huitaka mamlaka kufanya uchunguzi wa hadhara kabla ya kuidhinisha kiwango kipya. Mkutano wa namna hiyo umepewa jina la taftishi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo hapo kabla halikusikika sana nje ya maandishi ya kiofisi. Leo wananchi hualikwa kwenye mkutano wa taftishi kwa tangazo la gazetini, na husimama kueleza maoni yao juu ya ombi la mtoa huduma. Matokeo yameonekana. Mwishoni mwa mwaka 2011 shirika la umeme, TANESCO, liliomba nyongeza ya asilimia 155. Kiwango kilichoidhinishwa kuanzia Januari 2012 kilikuwa asilimia 40.29. Ombi lililofuata la asilimia 67.87 liliishia katika asilimia 39.19 kuanzia Januari 2014. Mwaka 2016 shirika hilo liliomba asilimia 18.19, na mamlaka ikaidhinisha asilimia 8.53.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha pia mpaka wa nguvu za mdhibiti. Bei mpya ilikuwa ianze Januari 2017. Kabla haijaanza kutumika ilisimamishwa na waziri, na Rais John Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Wateja wengi walishangilia. Hata hivyo kwa mtazamo wa utaratibu swali lilibaki: ikiwa bei iliyopitia taftishi inaweza kufutwa kwa kauli moja kutoka juu, mteja wa kesho atakuwa na sababu gani ya kuhudhuria taftishi? Bei iliyoshushwa kwa amri huweza kupandishwa kwa amri.

Isidhaniwe pia kwamba Kiswahili kilitawala kila ngazi tangu mwanzo. Sheria iliyounda mamlaka hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama sheria nyingi za Tanzania za wakati huo. Ni mwaka 2021 ndipo marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini malalamiko yenyewe yalisikilizwa kwa Kiswahili, na katika kusikilizwa huko msamiati ulijengeka: mlalamikaji, mlalamikiwa, usuluhishi, mapitio, tozo, ankara, mgao, fidia. Istilahi hizi zilikomaa kwa kutumiwa na watu waliokuwa na haja nazo.

6. Sheria ya Kongo

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo msingi wa haki ya mteja uko juu kabisa. Ibara ya 48 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaihakikishia jamii haki ya kupata maji safi ya kunywa na nishati ya umeme, pamoja na makazi yanayofaa. Katiba chache za eneo hili zinautaja umeme kwa jina. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na inaitaka mamlaka hiyo ijibu katika muda wa miezi mitatu. Kwa maneno mengine, ombi lililoandikwa vizuri na wakazi wa mtaa mmoja wa Mulekera lina muda wa kujibiwa uliowekwa na katiba yenyewe.

Sheria Na. 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kufungua mlango kwa kampuni binafsi. Ilirekebishwa mwaka 2018. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka mdhibiti wa sekta ya umeme, anayejulikana kwa kifupi cha Kifaransa ARE, ambaye aliundwa kwa amri ya serikali ya tarehe 21 Aprili 2016. Viongozi wake waliteuliwa mwaka 2020. Miongoni mwa kazi zake ni kusimamia ukokotoaji wa bei, kuangalia kwamba mikataba ya watoa huduma inafuatwa, kulinda maslahi ya watumiaji na kusuluhisha migogoro. Kwa upande wa maji, ambayo katika miji husambazwa na shirika la REGIDESO lililoanzishwa mwaka 1939, kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015.

Kufunguliwa huko kwa soko kulikuwa na maana ya pekee kwa Beni na Butembo, miji ya biashara iliyokaa miaka mingi bila umeme wa kutosha wa taifa na kuzoea jenereta. Huko Butembo wafanyabiashara walikwisha kujaribu kujitegemea kwa kuunda kampuni ya SENOKI, iliyokusudia kupata umeme kutoka maporomoko ya Ivugha. Mwaka 2017 kampuni inayoitwa sasa Nuru ilijenga mjini Beni mtandao mdogo wa umeme wa jua wa kilowati 55. Majina ya watoa huduma binafsi kama ENK na Virunga Energies yamekuwa ya kawaida katika mazungumzo ya wakazi wa eneo hilo. Mteja wa leo, kwa hiyo, anaweza kukabiliana na watoa huduma mbalimbali, kila mmoja akiwa na mitambo yake, gharama zake na bei yake, ambayo mara nyingi hutajwa kwa dola ilhali kipato cha mteja ni faranga. Hali kama hiyo humhitaji mdhibiti zaidi kuliko ile ya shirika moja la taifa.

7. Mlalamikaji wa Mulekera

Ichukuliwe kwamba mkazi wa Mulekera anahudumiwa kwa malipo ya kiwango kimoja bila mita, na kwamba katika mwezi wenye siku 31 amepata umeme kwa siku 10 tu. Je, afanye nini?

Kwa desturi ataanza na mtu anayemfahamu: fundi aliyemwunganishia waya, kisha wakala wa malipo. Asipopata nafuu atamwendea mzee wa mtaa au mkuu wa kartie, na kutoka huko jambo litapanda hadi kwa bwana au bibi mkuu wa komuni, na pengine meya. Viongozi wa jamii ya kiraia watalisema redioni. Hatua hizi zina thamani, kwa kuwa mkuu wa mtaa huzijua nyumba na huaminiwa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao mwenye mamlaka ya kisheria ya kuagiza mita ipimwe au bei ikokotolewe upya. Mwenye mamlaka hayo ana makao yake Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na shughuli zake huandikwa kwa Kifaransa.

Kati ya wakala wa mtaani na mdhibiti wa Kinshasa kuna pengo, na pengo hilo hujazwa na barabara. Maandamano na siku za mji kufungwa vimekuwa lugha ya malalamiko katika Kivu ya Kaskazini. Harakati ya vijana ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, ilijijengea jina kwa kudai huduma za msingi, maji yakiwa miongoni mwa madai yake ya mwanzo. Ibara ya 26 ya katiba inayalinda maandamano. Hata hivyo tangu tarehe 6 Mei 2021, ulipoanza utawala wa dharura uliowaweka maofisa wa jeshi na polisi badala ya viongozi wa kiraia wa mkoa na miji, kuingia barabarani kwa ajili ya bei ya umeme kumekuwa jambo la hatari zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamishia shughuli zake Beni. Mji huo ukabeba wakimbizi, ofisi na mahitaji mapya juu ya mtandao wa umeme na maji ambao tangu hapo haukutosha.

Maandamano huweza kuishusha bei, lakini hayawezi kuisahihisha ankara ya nyumba moja. Hayaandiki uamuzi, na kwa hiyo hayaachi kitu cha kukatia rufaa. Mtoa huduma naye hana pa kujitetea kwa hesabu, hata pale ambapo hesabu ni za kweli. Penye njia iliyo wazi ya malalamiko pande zote mbili hupata nafuu, na mtaa hauhitaji kufunga maduka ili mteja mmoja arudishiwe haki yake.

Inafaa pia kukumbuka kwamba ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, upande wa Mpondwe, wanaishi Wakonzo wa Uganda, ambao lugha yao na ya Wanande wa Beni ni karibu moja. Wao wako chini ya sheria ya umeme ya mwaka 1999, yenye mdhibiti wake na baraza lake la kuamua migogoro ya umeme. Watu wanaosikilizana sokoni wanatenganishwa na namna ya kulalamika.

8. Kazi ya lugha

Katiba ya Kongo inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Ibara ya 142 inakwenda mbali zaidi. Inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha hizo nne katika muda wa siku 60 tangu kutiwa saini. Kwa sheria ya umeme, muda huo ulitimia katikati ya Agosti 2014. Mkazi wa Mulekera anayeomba kuelezwa haki yake kwa Kiswahili haombi hisani, bali anaomba kilichokwisha kuahidiwa.

Kufasiri sheria peke yake hakutoshi, kwa sababu msamiati wa mtaani na ule wa vitabu vya pwani haujakutana. Kinachoitwa ankara Dar es Salaam huitwa bili Nairobi na facture Butembo. Umeme wa Tanzania ni stima kwa Wakenya wengi na courant kwa Wakongomani. Nishati ya Tanzania ni kawi nchini Kenya. Fomu ya malalamiko iliyoletwa nzimanzima kutoka Dodoma ingekuwa ngeni Beni karibu sawa na ile ya Kifaransa. Lililo bora ni kuanzia na maneno ambayo watu wanayo, na kuleta istilahi mpya pale tu penye dhana isiyo na neno. Mdhibiti, mlalamikiwa na usuluhishi ni maneno ya kufundishwa. Kukatiwa, kulipishwa na kudai hayahitaji kufundishwa, kwani kila msemaji anayo.

Tofauti kati ya kilio na dai inaweza kuonyeshwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza: "Tumechoka, umeme hakuna na kila mwezi munatulipisha." Ni sentensi ya kweli na yenye uchungu, lakini hakuna ofisi inayoweza kuiamulia. Ya pili: "Kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 23 Machi nyumba yangu haikupata umeme, niliripoti kwa wakala tarehe 5, nimelipishwa kiasi cha mwezi mzima, ninaomba malipo ya siku hizo 21 yarudishwe au yahesabiwe mwezi ujao." Hapa zipo tarehe, ripoti, kiasi na ombi. Sentensi hii haina neno hata moja gumu. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuiandika akielekezwa.

Vyuo vya eneo hilo, kama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo na UCBC mjini Beni, vina wanafunzi wanaozijua lugha zote zinazohusika. Kukusanya msamiati wa umeme na maji kama usemwavyo katika mitaa, kuulinganisha na wa Tanzania na Kenya, kuandaa kielelezo cha barua ya dai kwa Kiswahili na Kifaransa sambamba, na kuwafundisha makarani wa komuni jinsi ya kukitumia, ni kazi ya utafiti wa lugha inayolingana na uwezo wa idara moja. Kielelezo chenye lugha mbili kingemwezesha mkazi kueleza jambo lake kwa Kiswahili, na ofisi ya Kinshasa kulisoma kwa Kifaransa bila kisingizio cha kutoelewa.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mdhibiti hushughulikia malalamiko kwa kuyatenganisha: bei kando na ankara, kukatika kando na kukatiwa, usuluhishi kabla ya uamuzi, na uamuzi kabla ya rufaa. Tanzania imeonyesha kwamba hatua zote hizo zinaweza kupitwa kwa Kiswahili, na imeonyesha pia kwamba utaratibu mzuri huweza kukatizwa na amri ya kisiasa. Kongo ina katiba inayoutaja umeme, muda wa miezi mitatu wa kujibu maombi, na wajibu wa kusambaza sheria kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni daraja kati ya mtaa na ofisi.

Sehemu ya daraja hilo ni ya mafundi na wanasheria, na sehemu nyingine ni ya serikali, ambayo haina budi kumleta mdhibiti karibu na mkoa. Lakini barua ya kwanza ya mlalamikaji wa Mulekera, yenye tarehe zake na ombi lake, inaweza kuandikwa sasa, na wanaojua kuandika Kiswahili ndio wa kumwonyesha namna.